Baada ya Saba

Siku ya kwanza walimcheka. Wala si kwa kificho. Walimcheka mbele yake, askari thelathini na wawili, watu wazima na familia zao, wameketi kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kituo na kofia magotini. Mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono, uso mkavu kabisa, akauliza, "Samahani, Sista. Hawa vichaa wakikung'ata, unachomwa zile sindano za mbwa?" Basi ukumbi ukavunjika mbavu. Hata mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya mtu wa heshima, aligeukia ukutani ili mabega yake yasionekane yanavyotikisika.

Sista aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, mwaka wa ishirini na mbili huo, na kicheko cha namna ile alishakisikia harusini, misibani, hata kwa madaktari ambao wangepaswa kuona haya.

"Nimeng'atwa mara moja tu maishani," alisema. "Na mwanangu mwenyewe, alipokuwa anaota meno. Swali lingine?"

Lakini msidhani hakuumia. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa ya moto, akameza mate, akashika chaki. Alikuwa na sababu ya kumeza, na sababu hiyo ilikuwa nyumbani kwake, chumba cha uani, ikitengeneza redio.

Huyo ni mdogo wake wa kiume. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mletee redio iliyokufa tangu enzi za babu yako, ataipekua, ataipuliza vumbi, atatukana kidogo, na jioni utasikiliza taarifa ya habari. Mtu mpole, mwingi wa utani, hana makuu. Ila ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe hauna adabu ya kubisha hodi. Mwaka juzi ulimjia wakati Sista yuko zamu. Fundi akapanda paa la jirani, akaanza kung'oa antena, akisema wanamsema humo ndani. Jirani akapiga simu polisi. Nani atamlaumu? Antena ni zake.

Walikuja askari wanne. Hawakumuuliza hata jina. Walimshusha kwa miguu kama gunia, wakamvunja taya na mbavu mbili, wakamtupa mahabusu siku kumi na moja bila kidonge hata kimoja. Daftari la kituo likaandikwa "kuleta fujo hadharani". Sista alipofika kaunta na dawa mkononi, aliambiwa, "Mama, hapa hakuna mgonjwa. Hapa kuna mtuhumiwa." Siku kumi na moja anahudumia kaka za watu wodini, na wa kwake anatapika damu nyuma ya ukuta!

Tangu siku hiyo aliandika barua. Aliandika mpaka karani wa mkuu wa kituo akawa anamkimbia sokoni. Mwishowe likashuka agizo kutoka juu: kila kituo kiwe na gari moja la kuitikia dharura za wagonjwa wa akili, na askari wake wafundishwe kwanza. Mkuu wa kituo akakumbuka kuna mama mmoja msumbufu anayejua mambo hayo. Sista aliomba wiki mbili, akapewa siku tatu. Alizikubali. Gari lingeanza kazi Jumatatu, na simu ikipigwa tena kutoka mtaani kwake, na lazima itapigwa siku moja, hao hao wa viti vya plastiki ndio wangekuja kumchukua Fundi. Alitaka wamfikishe hospitali mzima. Hakutaka kingine duniani.

Kwa hiyo alifundisha. Aliandika ubaoni mambo saba, moja chini ya lingine, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyashika. Simama mbali. Teremsha sauti. Taja jina lako. Muulize lake. Sikiliza. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Subiri. Chini ya hilo la saba akapiga mstari mrefu wa chaki, kama walimu wote wanavyofanya wakimaliza orodha, akapangusa mikono.

Jioni hiyo Sajini alimfuata. Ndiye mwalimu wa gwaride pale kituoni, mtu mfupi, kifua mbele, sauti yake akiifungulia inasikika mpaka stendi. Katika wale wote, ni yeye peke yake aliyekuwa na daftari, na kila neno ameliandika kwa mwandiko wa kujikaza.

"Sista, usinielewe vibaya," alisema. "Somo lako ni zuri. Lakini hawa hawatalikumbuka. Askari maneno yanamtoka, hesabu haimtoki. Niachie mimi saa moja tu asubuhi."

"Uwafanye nini?"

"Utaona mwenyewe."

Akaona. Kesho yake alipoingia getini aliwakuta uwanjani wamepanga mistari minne, jasho linawatiririka, Sajini mbele yao. "Moja!" anaguta. "Simama mbali!" wanaitikia, na buti zinapiga chini kwa pamoja. "Mbili!" "TEREMSHA SAUTI!" Kunguru wote wakaruka kwenye mabati. Jamani, watu thelathini na wawili wanapiga kelele kwamba tuteremshe sauti! Sista alicheka mpaka akashika tumbo. Akamwambia Sajini, wewe ni kiboko. Na siku hiyo darasani, ukimgusa yeyote, hata yule wa sindano za mbwa, anakutolea yote saba bila kukosea. Sista alifurahi. Mambo ambayo wauguzi wanafunzi huyasoma muhula mzima, hawa wameyashika kwa asubuhi moja!

Hapo ndipo alipokosea, na alipaswa kujua. Alicheka wakati ilikuwa si wakati wa kucheka. Mpaka leo ukimtajia habari hiyo anabadilika sura.

Siku ya tatu ilikuwa ya mtihani, na Koplo akapata zote. Koplo alikuwa kijana mwenye pasi ya suruali inayokata nyama. Ndiye angekuwa mkubwa wa lile gari. Mchana, mkuu wa kituo akaja na habari kwamba kesho yake kuna sherehe. Mgeni rasmi anakuja, vyeti vimeshachapwa, na kwenye ratiba kuna onyesho: askari wanamwokoa kichaa.

"Mgonjwa," alisema Sista.

"Ndiyo huyo huyo."

Wakafanya jaribio papo hapo. Askari mmoja akapewa kuwa mgonjwa. Alivua shati, akavaa ndoo ya kudekia kichwani, akaingia ukumbini anatoa ulimi na kujikuna kwapa huku analia kama nyani. Wenzake walianguka kwenye viti. Mkuu alipangusa machozi kwa leso. Safari hii Sista hakumeza. Aliivua ile ndoo kichwani mwa yule bwana akaibwaga sakafuni, ikalia mpaka wote wakanyamaza.

"Miaka ishirini na mbili," alisema, "sijaona hata mmoja wa namna hii. Hata mmoja! Mnamwigiza nani? Siku tatu nimeongea na nani humu ndani, na viti?"

"Sista, punguza munkari, ni mchezo tu," alisema mkuu.

"Mchezo huo mkacheze kwenu. Mimi sipo."

Alifika nyumbani, akamweleza Fundi huku akigongesha masufuria yasiyo na kosa. Fundi alikuwa mezani, ameinamia tumbo la redio, nyaya zimemzunguka. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Nitaigiza mimi," alisema.

"Utaigiza nini?"

"Mimi. Nani ananijua kunishinda?"

"Hebu niondolee balaa."

"Dada, nisikilize. Siku tatu unawafundisha habari zangu, na hawajaniona hata mara moja."

"Walikuona vizuri sana mwaka juzi."

"Walimwona mtu juu ya paa. Mimi hawajaniona." Akaweka bisibisi chini. "Miezi minane niko sawa. Dawa nakunywa, usingizi napata, unavyonipikia ndiyo hivyo tena, nastahimili. Usinifanye yai. Nitakaa kwenye kiti, nitapiga kelele kidogo, nitakataa kwenda, wataongea nami vizuri, nitainuka mwenyewe. Basi. Wajue tunafananaje."

Sista alikataa mara tatu, na mara zote tatu akajua atakubali. Maana aliona jambo ndani yake: mtu ukishampa mkono, ukishamwona anacheka, utampigaje Jumatatu? Aliwaza hivyo, maskini. Asubuhi alimpigia pasi shati la mistari, akaenda naye.

Na kweli walipeana mikono. Koplo mwenyewe alimletea Fundi soda. Sajini alimwambia, "Karibu, kaka, jisikie nyumbani," na Fundi akajibu kwamba nyumbani kwao hakuna mahabusu, Sajini akacheka kidogo bila kujua atazame wapi. Mahema yalikuwa yamefungwa kuzunguka uwanja wa gwaride, viti vyenye vitambaa mbele, mgeni rasmi katikati na suti yake ya kijivu. Saa nne na nusu Fundi akaenda kuketi peke yake katikati ya uwanja. Wakamwekea meza yenye redio mbili kuukuu.

Alianza vizuri. Alizisemesha zile redio, akazijibu, akainuka akapiga kelele kwamba hatoki mtu hapa. Watu wakanong'ona, duh, anajua. Sista, mstari wa pili, akaanza kupumua.

Ndipo zikaja buti.

Wanne, kwa hatua moja, kutoka nyuma ya ofisi, wanakanyaga changarawe kwa pamoja. Sista aliona mkono wa kushoto wa mdogo wake ukiteremka kwenye goti na kuanza kulisugua. Hilo hawakulipanga. Aliona midomo ikikauka, aliona macho yakitafuta paa la karibu. Mara ngapi ameyaona hayo? Akainuka. Mkuu wa kituo, aliyeketi jirani, akamdaka mkono akamketisha.

"Sista, tulia. Usituharibie."

"Haigizi tena yule. Niachie!"

"Si ndiyo raha yake? Tazama."

"Moja!" aliita Koplo, na wanne wakasimama mbali, sawasawa kabisa. "Mbili!" Sauti ikashuka, kweli ikashuka. "Tatu. Mimi naitwa Koplo, nimekuja kukusaidia. Nne. Wewe unaitwa nani, kaka?" Mkitaka haki, nitawapa haki yao: mpaka hapo hakuna walilokosa. Fundi alitaja jina lake kwa shida. "Tano," akasema Koplo, wakasikiliza, na Fundi akawaambia wasogee, anasikia buti nyingi, wasogee tafadhali. "Sita. Tutakushika mkono, tutakwenda gari lilipo, tutakwenda hospitali."

"Ngojeni," alisema Fundi. Alikuwa analia sasa, kilio chake kile cha bila sauti, kamasi na yote. "Nakuja. Ngojeni kidogo tu."

"Saba! Subiri!"

Wakasubiri. Moja, mbili.

Kisha wakamrukia wote wanne. Meza ikaenda na redio zake. Mmoja alimshika shingo, mmoja miguu, Koplo akaupinda mkono nyuma mpaka Sista akasikia bega likitoka, naapa alilisikia kutoka mstari wa pili. Uso ukasagwa kwenye changarawe, goti likakaa mgongoni, pingu zikalia. Sekunde sita, saba hivi. Safi kabisa, kama walivyofundishwa na wengine kabla ya Sista.

Watu wakapiga makofi.

Ndiyo, makofi! Mgeni rasmi alisimama kabisa. Mtu akapiga mluzi. Na mama mmoja mwenye kofia pana akamgeukia mwenzake akasema, "Yule mgonjwa ni mwigizaji hodari, angalia anavyolia." Sista alimsukuma mkuu wa kituo na kiti chake, akapita juu ya vitambaa na vikombe vya watu, akakimbia uwanjani, kiatu kimoja kikabaki huko.

"Shukeni juu ya mdogo wangu! Shuka! Mnampigia makofi nani, enyi watu? Huyu haigizi! Macho yenu ni ya nini?"

Makofi yakafa vipande vipande. Wale wanne wakainuka, mmoja mmoja, wanapangusa magoti. Fundi alikuwa amejikunja, damu mdomoni, bega la kulia limeshuka mahali ambapo bega halikai. Koplo alifungua pingu, ufunguo ukamponyoka mara mbili. Lakini alipotaka kumwinua, Fundi alirusha mateke akapiga ukelele ule ambao Sista aliusikia mara ya mwisho kwenye mlango wa mahabusu. Hata yeye dada yake hakutaka amguse.

Sajini alifika mbio. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu aliyepewa hesabu ikakataa, na hilo lilimtia Sista hasira zaidi.

"Lakini Sista," alisema, "tumefika saba."

"Saba ni nini?"

"Ni subiri."

"Mmesubiri?"

"Tumesubiri. Pumziko la gwaride, hesabu mbili. Hakutulia."

"Na baada ya saba?"

Sajini alitazama wenzake, kisha akajibu kwa unyofu kabisa. "Baada ya saba hukuandika kitu, Sista. Ulipiga mstari. Baada ya saba tunarudi kwenye kawaida yetu."

Mungu wangu. Saa moja ya gwaride, kunguru wameruka, na yeye amesimama getini anacheka! Hakuna hata mmoja aliyemdharau. Wamemtii mpaka kwenye mstari wa chaki. Alitaka kumzaba Sajini kofi, alitaka kujizaba yeye mwenyewe, na nyuma yake kipaza sauti kilikuwa tayari kinakohoa: mkuu wa kituo alikuwa amekishika, anawaambia wageni kwamba kumetokea hitilafu ndogo, sasa tutaendelea na ugawaji wa vyeti.

"Vyeti hivyo mkafungie karanga!" alimpigia kelele. "Sina saini ya kumpa mtu hapa!"

Kisha akamgeukia Sajini. Ile sauti hakujua kama anayo. Ilitoka kifuani, ya gwaride hasa.

"Sajini! Vua mkanda! Kofia! Buti! Kaa chini!"

Na Sajini, mtu wa miaka ishirini ya kutii sauti za namna hiyo, akavua. Akaketi kwenye changarawe na soksi zake, moja imetoboka kidole, mbele ya hema zima.

"Sogea nyuma. Zaidi. Hapo. Sasa hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Si mmesema kusubiri ni hesabu? Hesabu. Ulikomea saba."

"Nane!"

"Teremsha sauti."

"Nane," alisema Sajini. "Tisa. Kumi."

Sista aliketi upande wa pili, mguu mmoja pekupeku. Bega lilihitaji hospitali, na hospitali ilikuwa dakika kumi tu kwa gari jipya lililofungwa utepe mwekundu pale getini, lakini hapakuwa na mtu wa kumwingiza Fundi ndani yake bila kumvunja mara ya pili. Kwa hiyo walisubiri. Walipofika sitini mgeni rasmi aliangalia saa. Mia na arobaini magari yake yakawashwa. Mkuu wa kituo alikuja akasimama juu yao, akasema Sista amemwaibisha, amekiaibisha kituo, atajibu kwa maandishi. Sista hakumtazama. Alimwambia anasimama karibu mno na buti zake zinanuka kiwi, asogee. Akasogea.

Mia mbili. Mia tatu. Jua lilikuwa limepanda, sauti ya Sajini imekauka, jasho linamdondoka puani na hathubutu kulifuta. Koplo na wenzake walisimama mbali, mikono yao hawajui waiweke wapi. Fundi aliacha kurusha miguu. Bado alitetemeka, bado aliulalia mkono wake mbovu, ila jicho moja lilikuwa wazi, linamtazama huyu mtu wa soksi anayehesabu.

"Mia nne na kumi na mbili," alisema Sajini. "Sista, nifike ngapi?"

"Mimi sijui."

"Sasa nani anajua?"

"Humuulizi mwenyewe? Yupo hapo mbele yako. Jina lake amekuambieni."

Sajini alimgeukia Fundi. Alilitaja lile jina, taratibu, akilikumbuka vizuri, kisha akauliza, "Nifike ngapi, kaka?"

Fundi alitema changarawe iliyochanganyika na damu. Safari hii hakuna aliyesogea.

"Endelea kidogo," alisema.

"Mia nne na kumi na tatu," alisema Sajini.